Uhamisho wa Deni: Istilahi ya Kulipa Ovadrafti kwa Kadi ya Mkopo

Ovadrafti ni ruhusa ambayo benki humpa mwenye akaunti ya hundi ili achote fedha zaidi ya zile alizoweka, hadi kufikia kikomo walichokubaliana, kwa sharti kwamba kiasi kilichozidi kitahesabiwa kuwa deni na kwa kawaida kitatozwa riba kwa kila siku kitakayokaa bila kulipwa. Chimbuko lake hutajwa mara nyingi kuwa mwaka 1728, pale Royal Bank of Scotland ilipomruhusu William Hogg, mfanyabiashara wa Edinburgh, kuchukua pauni 1,000 zaidi ya fedha zilizokuwa katika akaunti yake, kwa kuwa malipo ya wateja wake yalikuwa yakichelewa ilhali yeye naye alidaiwa. Kiswahili kimelipokea neno hili kwa utohozi, na maana yake si ngeni kwa wasomaji wa Afrika Mashariki, kwani huduma ya Fuliza, iliyoanzishwa na Safaricom nchini Kenya mwaka 2019, na ile ya Songesha ya Vodacom nchini Tanzania, humwezesha mtumiaji wa simu kukamilisha malipo hata kama salio lake halitoshi, kisha fedha zinazoingia baadaye hukatwa kwanza ili kufidia deni.

Nchini Uingereza, ambako ovadrafti imekuwa sehemu ya kawaida ya akaunti ya hundi, bei ya deni hili ilibadilika sana tarehe 6 Aprili 2020, zilipoanza kutumika kanuni zilizozikataza benki kutoza ada zisizobadilika za kila siku au za kila mwezi, zikazitaka zitoze kiwango kimoja tu cha riba ya mwaka, na zikazuia ovadrafti isiyo na kibali kutozwa zaidi ya ile iliyokubaliwa. Kanuni hizo ziliwapunguzia mzigo watu waliokuwa wakitozwa ada kubwa kwa kupitiliza kidogo tu, lakini benki nyingi kubwa zilipanga riba yao karibu na asilimia 40 kwa mwaka, kiwango ambacho kilizidi kile cha kadi nyingi za mkopo. Katika mazingira hayo ndipo njia ya kulipa ovadrafti kwa kutumia kadi ya mkopo ilipozidi kuwa na mvuto.

Kadi ya mkopo haina budi kutofautishwa na kadi ya kawaida ya benki, ambayo hukata fedha za mwenyewe zilizomo katika akaunti. Mwenye kadi ya mkopo hutumia fedha za mtoaji wa kadi, kisha huletewa ankara kila mwezi, naye hulazimika kulipa angalau kiwango cha chini kilichowekwa. Baadhi ya watoaji wa kadi huruhusu sehemu ya mkopo huo ihamishiwe moja kwa moja katika akaunti ya hundi ya mteja, kwa riba ya sifuri katika kipindi maalumu cha miezi kadhaa, huku wakitoza mara moja ada ambayo mara nyingi huwa kati ya asilimia 3 na 4 ya kiasi kinachohamishwa. Fedha zikishaingia katika akaunti iliyo chini ya sifuri, ovadrafti hufutika papo hapo, na deni hubaki upande wa kadi. Jambo hili si sawa na kutoa fedha taslimu kwenye mashine kwa kadi ya mkopo, kwa sababu fedha taslimu hutozwa ada na pia, kwa kawaida, riba inayoanza kuhesabiwa siku ileile.

Mtu akiutafsiri utaratibu huu neno kwa neno kutoka katika lugha ya mabenki ya Uingereza, atapata “uhamisho wa fedha”, na ule unaofanana nao, wa kuhamisha deni la kadi moja hadi nyingine, atauita “uhamisho wa salio”. Tafsiri zote mbili zina kasoro. Kwa Waswahili, salio ni kile kilichobaki mkononi baada ya matumizi, yaani mali ya mwenye akaunti, ilhali kinachohamishwa hapa ni kile anachodaiwa. Nao uhamisho wa fedha, katika enzi hii ya kutumiana pesa kwa simu, humfanya msomaji adhani kwamba kuna mtu aliyepokea kitu. Istilahi inayofaa ni “uhamisho wa deni”, nayo yaweza kugawanywa sehemu mbili: uhamisho wa deni kati ya kadi na kadi, na uhamisho wa deni kupitia akaunti, ambao ndio unaohusu ovadrafti. Istilahi hii ina sifa ya kutamka wazi kwamba aliyekuwa akidaiwa angali anadaiwa, isipokuwa amebadilisha mdai na masharti.

Faida ya kubadilisha masharti yaweza kuonekana kwa hesabu. Mtu mwenye ovadrafti ya pauni 1,000 kwa riba ya mwaka ya asilimia 39.9, akiamua kuimaliza kwa malipo sawa ya kila mwezi katika miezi 12, atalipa takriban pauni 99.50 kila mwezi, na riba yote itafikia kama pauni 194. Akilihamisha deni hilo kwa ada ya asilimia 4 na kulimaliza ndani ya kipindi kisicho na riba, atadaiwa pauni 1,040 tu, sawa na takriban pauni 86.70 kwa mwezi, na gharama yake yote itakuwa pauni 40.

Hata hivyo, faida hiyo hutegemea mambo matatu. La kwanza ni kulipa kila mwezi bila kukosa, kwa kuwa anayechelewa aweza kunyang’anywa riba ya sifuri kabla ya muda wake. La pili ni kumaliza deni kabla kipindi hicho hakijaisha, kwani baada yake riba ya kawaida ya kadi huanza kutumika kwa kiasi kilichobaki. La tatu, ambalo ndilo zito zaidi, ni kwamba kufuta ovadrafti hakuondoi kikomo chake: ruhusa ya kuchota hubaki palepale, na mtu ambaye matumizi yake huzidi kipato chake ataichota tena, hatimaye awe na madeni mawili mahali palipokuwa na moja. Wahenga walisema kukopa arusi, kulipa matanga, na arusi ya pili huja upesi zaidi pale akaunti inapoonekana kuwa safi.

Kwa hiyo, anayehamisha deni na aiombe benki, siku hiyohiyo, ipunguze au ifute kikomo cha ovadrafti yake, kisha apange malipo ya kadi yakatwe yenyewe kila mwezi kwa kiasi kitakachomaliza deni kabla riba ya sifuri haijakoma. Nao wanaotafsiri nyaraka za fedha kwa Kiswahili wana wajibu wa kuliita deni kwa jina lake, ili anayetia saini ajue anachokitia saini.