Pilipili ya Mombasa Ilipimwa Detroit

Jumamosi moja mwaka jana shangazi yangu alirudi nyumbani Kaloleni na chupa zake kumi na mbili za achari, zote bado ziko kwenye kikapu. Alikuwa amezipeleka duka moja kubwa mjini Kisumu. Mwenye duka alionja, akatoka jasho, akasifu, halafu akauliza karatasi ya maabara iko wapi.

Shangazi ameuza achari ya ndimu na pilipili zaidi ya miaka ishirini. Wenye bhajia wananunua, wakaanga ngege wananunua, na mwezi wa Ramadhani hapati hata nafasi ya kukaa. Karatasi hajawahi kuulizwa.

"Wewe ndiye ulisomea hizo kemia," akaniambia. "Hebu nieleze. Tangu lini ulimi wa mtu ukawa si kipimo?"

Kemia nilisoma miaka miwili tu, karo ikanishinda, nikarudi mtaani kuandika. Siku hiyo sikuwa na jibu. Nilipoanza kulitafuta, nikajikuta mwaka 1912, mji wa Detroit, Marekani.

Mwaka huo mfamasia aitwaye Wilbur Scoville alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya dawa ya Parke-Davis. Zamani pilipili ilikuwa dawa: iliwekwa kwenye mafuta ya kuchua na vitu kama hivyo. Shida ni kwamba gunia moja lilikuwa kali na lingine baridi, na dawa haiwezi kutengenezwa kwa kubahatisha. Vipimo vya kemia vya wakati huo havikuwa vya kutegemewa. Scoville akarudi kwa ulimi.

Alichukua pilipili iliyosagwa, akailoweka usiku kucha kwenye alkoholi, akachuja. Maji yale makali akayachanganya na maji ya sukari, akaendelea kuyapunguza nguvu hadi ulimi ubaki unahisi ukali kwa mbali sana. Pilipili ikihitaji kuzimuliwa mara 50,000 ili ifike hapo, basi kipimo chake ni 50,000. Hiyo ndiyo skeli ya Scoville, ile ile inayoandikwa leo kwenye chupa za sosi na kwenye video za watu wanaolia wakila mabawa ya kuku.

Sasa angalia alipima pilipili gani. Katika ripoti yake fupi ya 1912 kuna tatu. Pilipili ya Japani ilipata kati ya 20,000 na 30,000. Ya Zanzibar, 40,000 hadi 45,000. Ya Mombasa, 50,000 hadi 100,000.

Soma tena. Skeli ambayo dunia nzima inatumia kupima ukali ilianza kwa kuonja pilipili ya kwetu, na Mombasa ikaongoza. (Ndugu zetu wa Zanzibar, poleni.) Lakini yale ni majina ya bandari. Hakuna jina la mkulima, hakuna jina la shamba, hakuna jina la mama aliyeianika. Pilipili iliingia melini ikiwa ya mtu, ikashuka ikiwa ya Mombasa.

Tuwe wakweli pia: pilipili yenyewe ilikuja kama mgeni. Asili yake ni Amerika, na ilianza kusambaa duniani baada ya safari ya Columbus ya 1492. Wareno waliibeba kwenye njia zao za bahari, zikiwemo za kwetu na za Asia. Pwani ikaipokea kama mtoto wa nyumbani. Kufika Kisumu, misafara ya biashara ilikuwa ikipita Mumias kabla ya reli, halafu Desemba 1901 reli kutoka Mombasa ikagusa ziwa, mji ukiitwa Port Florence. Treni zilileta maduka ya Wahindi, wapishi, askari, na watu wa pwani na vyakula vyao. Achari yenyewe ina harufu ya safari hiyo: jina na ufundi kutoka upande wa India, mkono wa Kaloleni, na samaki wa ziwani.

Mbegu hizo za Amerika zilifika Korea pia. Kule wakaisaga, wakaichanganya na mchele wa kunata, soya iliyochachushwa na chumvi, wakaiacha kwenye mitungi ya udongo miezi na miezi. Hiyo ndiyo gochujang, ambayo vijana wa Kisumu siku hizi wanaijua kwa sababu ya drama za Kikorea na noodles za pakiti nyekundu. Kwa asili ni chakula cha uani, kama achari ya shangazi. Tofauti ni kwamba Wakorea waliamua kukipima wenyewe. Mwaka 2009 Codex, chombo cha viwango vya vyakula cha FAO na WHO, ilipitisha kiwango cha gochujang kwa nchi za Asia. Mwaka 2010 Korea ikaweka skeli ya ukali ya gochujang yenye madaraja matano, kutoka laini hadi kali kupindukia. Ukiishika pakiti unajua unachokwenda kukutana nacho.

Kwa hivyo maabara si adui. Nilimwambia shangazi hivyo na akaninunia, lakini nikaendelea. Ulimi wake unajua ukali, unajua chumvi, unajua ndimu iliyoiva. Haujui aflatoksini. Sumu hiyo ya kuvu haina ladha, na mwaka 2004 ilipoingia kwenye mahindi kule Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa. Kuvu hiyo hupenda pia pilipili iliyoanikwa vibaya, chini, kwenye unyevu. Ulimi haujui rangi ya viwandani pia. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani mamia ya vyakula kwa sababu unga wa pilipili ulikuwa umetiwa Sudan 1, rangi ambayo hairuhusiwi kwenye chakula, ili uonekane mwekundu zaidi. Wateja walipenda wekundu ule. Macho yao yaliwadanganya.

Na kuna mambo shangazi anayafanya sawasawa bila kujua majina yake. Chumvi yake huvuta maji ya ndimu. Juani, bakteria ndugu wa wale wa maziwa lala wanaweza kuanza kazi, ingawa asidi nyingi ni ya ndimu yenyewe. pH ikishuka chini ya 4.6, bakteria wa sumu ya botulini hawezi kukua. "Ikianza kupumua, usiiguse," ndivyo anavyosema. Mimi nililipia mihula minne kusikia jambo hilo kwa Kiingereza.

Leo ukali hupimwa kwa mashine inayotenganisha kemikali, na kapsaisini safi inafika takriban milioni 16 kwenye skeli ile ile ya Scoville. Mashine za aina hiyo haziko Detroit peke yake. KIRDI, taasisi ya serikali ya utafiti wa viwanda, ina kituo hapa hapa Kisumu. Ada ya vipimo ndiyo mlima, na kwa mtu wa chupa kumi na mbili ni mlima kweli. Kina mama watano wa achari wakichanga, unakuwa kilima.

Jana tumeanza kuandika daftari: tarehe ya kuanika, pilipili imetoka kwa nani, chumvi vijiko vingapi, siku ngapi juani. Shangazi anataja, mimi naandika. Kwenye ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeandika "Achari ya Kisumu". Akaikata kwa kalamu, akaandika jina lake.