Chui na Jogoo: Uchaguzi wa Kaunti ya Lowndes, Alabama, 1966, na Matokeo Yake

1. Utangulizi

Marekani humchagua rais wake kila baada ya miaka 4. Katikati ya muhula huo, miaka 2 baada ya uchaguzi wa rais, hufanyika uchaguzi mwingine ambamo jina la rais halimo. Huchaguliwa wajumbe wote wa Baraza la Wawakilishi, karibu thuluthi moja ya Seneti, magavana wa majimbo mengi, na katika kaunti nyingi maofisa wa serikali ya mtaa. Uchaguzi wa namna hii ulifanyika tarehe 8 Novemba 1966. Waandishi wa historia ya taifa hilo, wanapoitaja siku hiyo, aghalabu hutaja viti 47 ambavyo chama cha Republican kilijiongezea katika Baraza la Wawakilishi, wakaishia hapo.

Makala haya yanakusudia kuitazama siku hiyo hiyo kutoka mahali padogo, yaani Kaunti ya Lowndes katika jimbo la Alabama. Huko wagombea 7 Weusi waliwania nafasi za kaunti chini ya alama ya chui mweusi, na wote 7 wakashindwa. Tukiyasoma matokeo hayo kama orodha ya washindi na washindwa, hatutakuwa na la kusema zaidi. Lakini rai yetu ni kwamba kura zile zilizoshindwa ndizo zilizobadili serikali ya kaunti hiyo, na kwamba jambo lililoziwezesha kupigwa lilikuwa, kwa sehemu kubwa, jambo la lugha: watu walielezwa kazi za serikali yao kwa maneno na picha walizozielewa. Hii ndiyo sababu tumeona kwamba mada hii inastahili kujadiliwa mbele ya wanalugha.

2. Kaunti na Mamlaka Yake

Lowndes iko kati ya miji ya Selma na Montgomery, katika ukanda wa mashamba ya pamba. Mnamo 1960 ilikuwa na watu zaidi kidogo ya 15,000, na katika kila watu 10, wapatao 8 walikuwa Weusi. Wengi wa hao hawakuwa na ardhi. Walilima mashamba ya wenyewe kwa mapatano ya kugawana mavuno, na mwisho wa mwaka mara nyingi hesabu ya deni iliyokuwa katika daftari la mwenye shamba iliuzidi mgao wao. Wanaharakati wenyewe walihesabu kwamba familia 86 za Weupe zilimiliki asilimia 90 ya ardhi ya kaunti.

Mwanzoni mwa 1965 hapakuwa na mtu Mweusi hata mmoja katika orodha ya wapiga kura. Kwa upande mwingine, majina ya Weupe yaliyokuwamo yalizidi idadi ya Weupe waliotimiza umri wa kupiga kura, kwa sababu waliokufa na waliohama hawakufutwa. Hali hiyo haikutokana na uvivu wala ujinga wa watu Weusi. Aliyethubutu kwenda kujiandikisha alihatarisha kazi yake, nyumba yake, na pengine maisha yake.

Hapa hapana budi tueleze maana ya kaunti katika mfumo wa Marekani, maana msomaji wa Kenya anaweza kuichukulia kuwa ni ngazi ya chini isiyo na uzito. Katika Alabama ya wakati ule, mkulima alikutana na serikali katika ngazi hiyo hasa. Mkuu wa polisi wa kaunti, anayeitwa sherifu, alichaguliwa kwa kura, na ndiye aliyeamua nani akamatwe na nani aachwe. Mkadiriaji kodi alipanga thamani ya ardhi ya kila mtu, na mtoza kodi akaidai. Afisa wa kuchunguza vifo alitamka kama marehemu ameuawa au amekufa kwa ajali. Halmashauri ya elimu iligawa fedha za shule. Mtu anayeona kwamba nafasi hizi ni ndogo na azingatie yaliyotokea katika 1965. Mwezi Machi, Viola Liuzzo, mama wa Kizungu aliyekuja kuwasaidia waandamanaji wa Selma, alipigwa risasi na kuuawa barabarani ndani ya Lowndes. Mwezi Agosti, Jonathan Daniels, mwanafunzi wa uchungaji, aliuawa mchana kweupe huko Hayneville, makao makuu ya kaunti. Aliyemuua alishtakiwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama ambao wote walikuwa Weupe, akaachiliwa huru.

3. Neno "Uhuru" na Safari Yake

Mwezi Machi 1965 wakazi wa Lowndes walianza kwenda mahakamani Hayneville kujiandikisha. Wawili tu walikubaliwa kwanza, mmoja wao akiwa John Hulett, ambaye alikuwa kiongozi wa chama cha wakazi kilichoundwa mwezi huo huo. Baada ya maandamano ya Selma walijiunga nao vijana wa Kamati ya Uratibu ya Wanafunzi Wasiotumia Nguvu, iliyojulikana kwa ufupi kama SNCC, wakiongozwa na Stokely Carmichael. Mwezi Agosti Sheria ya Haki za Kupiga Kura ilitiwa saini, na maofisa wa serikali kuu wakafika katika kaunti kuandikisha watu.

Vijana wa SNCC walikuwa na uhusiano na Afrika Mashariki ambao haupaswi kupitwa. Mnamo Agosti 1963, akihutubia mkutano mkuu wa Washington, mwenyekiti wao John Lewis alisema kwamba kilio cha Afrika cha mtu mmoja, kura moja, kilikuwa kilio chao pia. Mwezi Desemba mwaka huo, siku chache baada ya Kenya kujitawala, Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, alizuru Atlanta. Vijana hao walikwenda hotelini kumlaki, na baadaye waimbaji wao wakamtungia wimbo. Tangu hapo neno "uhuru" likawa miongoni mwa maneno ya mikutano yao. Katika vuli ya 1964 Lewis mwenyewe alifika Nairobi, akakutana humo na Malcolm X.

Mwanalugha ataona jambo hapa. Katika Kenya ya 1963, neno uhuru lilikuwa na maana mbili zilizoshikamana: nchi kujitawala, na mtu kutokuwa mtumwa wa mwingine. Kiingereza huzitenga maana hizi kwa maneno mawili. Wamarekani Weusi hawakuwa na nchi ya kutwaa kutoka kwa mkoloni, lakini walikuwa na kaunti ambayo wao walikuwa wengi ndani yake. Walipounda chama chao, walikiita Shirika la Uhuru la Kaunti ya Lowndes. Jina hilo, likitamkwa kwa Kiswahili, linazirudisha pamoja maana zote mbili, na kwa kweli ndilo lililokuwa lengo lao: kuitawala kaunti ili mtu asimwogope sherifu.

4. Chui na Jogoo

Sheria ya Alabama iliruhusu kuundwa kwa chama cha kaunti moja, kwa masharti. Kilitakiwa kufanya mkutano wa uteuzi siku ile ile ya uchaguzi wa mchujo wa vyama vingine, na kipate angalau asilimia 20 ya kura katika uchaguzi mkuu ndipo kitambuliwe rasmi. Kilitakiwa pia kiwe na alama, kwa ajili ya wapiga kura wasiojua kusoma.

Alama ya chama cha Democratic katika Alabama ilikuwa jogoo mweupe, na juu yake palikuwa pameandikwa maneno ya kutangaza ukuu wa Weupe. Maneno hayo hayakuondolewa mpaka mapema 1966, wakati kura za Weusi zilipoanza kuhesabika. Wananchi wa Lowndes walichagua chui mweusi. Hulett alieleza kwamba chui akisukumwa hurudi nyuma, na huendelea kurudi hadi akose pa kwenda, kisha hutoka na kupigana. Maelezo hayo hayakuhitaji kamusi. Kila mkulima alijua amekuwa akirudi nyuma kwa miaka mingapi.

Msomaji wa Kenya hawezi kuupita mfano huu bila kumkumbuka jogoo mwingine. Katika uchaguzi wa 1963 jogoo wa KANU aliwika kwa niaba ya watu waliotaka kumwondoa mtawala Mzungu, na mnamo Juni 1966, katika ule uchaguzi mdogo, jogoo huyo alikabiliana na fahali wa KPU. Ndege mmoja, nchi mbili, maana mbili zinazopingana. Ni dhahiri basi kwamba alama ya uchaguzi haina maana yake yenyewe. Huipata kutoka kwa historia ya wanaoitazama, na maana hiyo yaweza kugeuka wenye nayo wakigeuka.

5. Elimu ya Kura

Kuwa na alama hakukutosha. Mtu aliyekatazwa kwa miaka mingi kuikaribia ofisi ya kaunti angewezaje kujua ofisi hiyo hufanya nini? SNCC na wenyeji walitayarisha vijitabu vifupi vyenye picha na sentensi nyepesi. Kila kijitabu kilieleza nafasi moja: sherifu hufanya nini, mkadiriaji kodi ana uwezo gani, halmashauri ya elimu huamua nini. Vilisomwa kwa sauti katika mikutano ya makanisani, vikajadiliwa. Katika mikutano hiyo watu walianza kuuliza kwa nini mkulima mwenyewe asiwe mkadiriaji kodi. Waliokuwa wakiambiwa kwamba siasa ni kazi ya waliosoma walitambua kwamba kazi zile zilielezeka, na kwamba linaloelezeka linaweza kufanywa.

Tarehe 3 Mei 1966 ulifanyika mkutano wa uteuzi. Sherifu alikataa usifanyike katika uwanja wa mahakama, kwa hiyo watu wapatao 900 walikusanyika kwenye kanisa la Kibaptisti lililo karibu. Waliteuliwa Sidney Logan kuwania usherifu, Alice Moore ukadiriaji kodi, Frank Miles utozaji kodi, Emory Ross uchunguzi wa vifo, na wengine 3 halmashauri ya elimu. Walioshiriki walijua gharama yake. Tangu mwishoni mwa 1965, familia zilizofukuzwa mashambani kwa sababu ya kujiandikisha zilikuwa zikiishi katika mahema kando ya barabara kuu.

6. Siku ya Kura na Matokeo

Kufikia Novemba, Weusi walioandikishwa walikuwa zaidi ya 2,500, wakiwazidi Weupe kidogo. Maagizo ya chama yalikuwa mafupi: weka alama yako kwa chui, kisha rudi nyumbani.

Matokeo hayakulingana na orodha. Logan alipata kura 1,643, na sherifu aliyekuwapo, Frank Ryals, akapata 2,320. Wenzake Logan walishindwa pia. Sababu hazikufichika. Wenye mashamba waliwasafirisha wakulima wao hadi vituoni, wakawaelekeza namna ya kupiga kura. Baadhi ya vituo vilikuwa katika maduka ya wenye mashamba wenyewe, ambamo mkulima alikuwa na deni. Wako pia waliopiga kura yao kwa hiari upande wa pili, au waliokaa nyumbani kwa hofu. Katika mji wa Fort Deposit mfuasi mmoja wa chama alipigwa vibaya siku hiyo.

Yafaa tuyalinganishe haya na Kaunti ya Macon, katika jimbo lilo hilo, siku ile ile. Huko Lucius Amerson, Mweusi, alichaguliwa kuwa sherifu kwa tiketi ya Democratic. Lakini Macon ilikuwa na Chuo cha Tuskegee na hospitali ya serikali kuu, yaani watu wengi waliopata mishahara isiyotoka mkononi mwa mwenye shamba. Tofauti ya kaunti hizi mbili haikuwa ya ushujaa. Ilitokana na nani alimiliki nyumba ambamo mpiga kura alilala.

Hata hivyo, kura 1,643 ni zaidi ya asilimia 41 ya kura zilizopigwa kwa nafasi ile, maradufu ya kiwango kilichotakiwa na sheria. Chama kikatambuliwa rasmi. Miezi 20 kabla ya hapo hapakuwa na mpiga kura Mweusi hata mmoja. Mnamo 1970, katika uchaguzi mwingine wa katikati ya muhula wa rais, John Hulett alichaguliwa kuwa sherifu wa Lowndes, akaishika nafasi hiyo kwa zaidi ya miaka 20. Chui naye alikwisha kuvuka mipaka ya kaunti: mwezi Oktoba 1966, kabla hata ya kura kupigwa, vijana wawili wa Oakland, California, walikuwa wamemchukua kuwa jina na alama ya chama chao, na wengi waliomwona baadaye hawakujua alitoka shambani Alabama.

7. Hitimisho

Tusipotoshe ushindi wa 1970 kwa kuukuza. Usherifu ulibadilisha mikono, na hofu ya usiku ikapungua sana. Ardhi haikubadilisha mikono, na Lowndes imebaki miongoni mwa kaunti maskini za Alabama. Kura iliweza kumwondoa askari mbaya, lakini haikuweza kufuta daftari la deni. Kenya iliyoanza kuchagua magavana wa kaunti 47 mnamo 2013 ina sababu ya kulitafakari hilo.

Kwa upande wetu sisi wa lugha, funzo liko katika vile vijitabu. Tumetunga na kujadili istilahi nyingi za serikali: ugatuzi, gatuzi, diwani, mwakilishi wadi. Swali ambalo Lowndes inatuuliza ni kama mwananchi akisikia jina la ofisi anaweza kusema ofisi hiyo inamfanyia nini, na yeye anaweza kuifanyia nini. Pasipo jibu la swali hilo, istilahi sahihi na karatasi ya kura vitakuwa mikononi mwa mtu ambaye bado anamsubiri mwenye shamba amwelekeze.