Steringi Hafi

Katika mabanda ya video ya machimbo ya Geita na Kahama kulikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto aliijua: steringi hafi. Mhusika mkuu huyo atapigwa risasi, atatupwa mtoni, atafungwa kamba na kuning'inizwa, lakini mwishoni atasimama. Watu walilipa kiingilio wakiwa na uhakika huo, na naamini ndicho hasa walichokilipia. Mtu aliyeshinda ndani ya duara, yaani shimo la kuchimbia, matimba yakilia juu ya kichwa chake, alitaka usiku amwone angalau mmoja anayetoka salama.

Nimekulia mlangoni mwa banda. Mjomba wangu ndiye aliyekuwa mwenye deki, mimi nikiuza karanga na mayai ya kuchemsha, na leo nina kibanda changu Kahama mjini ambako watu huleta flashi na simu niwawekee muvi. Naandika haya kwa kuwa waliotuletea sinema huku hawakuandika chochote, na mabanda yao yalijengwa kwa miti na maturubai. Rashi ya dhahabu ikihamia kwingine, banda nalo linang'olewa.

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi 1994. Kabla ya hapo sinema ilikuwa zaidi mambo ya mjini, na uingizaji wake ulishikwa na Shirika la Filamu Tanzania, lililoanzishwa 1968. Kilichowafungulia watu wa porini ni dhahabu. Mgodi wa Geita wa enzi za mkoloni ulikuwa umefungwa tangu 1966, lakini kuelekea miaka ya 1990 serikali ililegeza masharti kwa wachimbaji wadogo, na Benki Kuu ikaanza kununua dhahabu yao kwa bei iliyokaribiana na ya mtaani. Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu na Bulyanhulu zikafurika watu. Wa kwanza kufika walikuwa wenye sururu, wakafuata mama lishe, kisha wenye makarasha ya kusagia mawe, na haukupita muda mrefu ukasikia jenereta usiku. Huko Bulyanhulu jenereta ya mjomba mchana ilivuta maji maduarani kwa malipo. Jioni aliifuta matope akaiunganisha na televisheni. Wachimbaji wadogo walipoondolewa Bulyanhulu, Agosti 1996, alitoka na televisheni hiyo ameifunga kwa blanketi, akaacha vyombo vyote vya ndani. Tulihamia Nyarugusu naye.

Mikanda ilikuwa ya Kihindi, ya Kichina na ya Kimarekani. Lugha zote hizo hazikuwa zetu, kwa hiyo kiungo cha banda hakikuwa televisheni bali mtu wa kusema. Naye ana historia ndefu hapa nchini kuliko video. Kati ya 1935 na 1937, pale Vugiri katika milima ya Usambara, Mwingereza Meja L. A. Notcutt aliongoza mradi wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba, na maelezo yake yakasemwa kwa lugha za wenyeji. Baadaye yakaja magari ya sinema ya serikali, yaliyosimama uwanjani na shuka jeupe na kipaza sauti, mmoja akieleza picha inasema nini. Marehemu mama alikumbuka gari la namna hiyo, na alichokikumbuka ni sauti ya mwelezaji. Picha alikuwa ameisahau kabisa. Kazi hiyohiyo ndiyo iliyofanywa baadaye na Derek Gaspar Mukandala wa Dar es Salaam, ambaye nchi nzima ilimjua kwa jina la Lufufu. Yeye aliiweka sauti yake kwenye mkanda, juu ya sauti ya filamu, nasi tukamsikia Nyarugusu bila kumwona. Hakufuata neno kwa neno. Alieleza, alionya, aliongezea kisa pale mzungu aliponyamaza muda mrefu mno.

Mjomba hakuwa na fedha ya mikanda ya Lufufu kila mara. Alimweka kijana mmoja wa Muleba, Kagera, mwembamba, aliyefika kidato cha nne, asimame kando ya televisheni na kipaza sauti. Mchana alikuwa mialoni akiosha udongo. Usiku alikuwa kila mtu: adui, mama, polisi, mbwa. Arnold Schwarzenegger wa *Commando* alipokuwa akiwamaliza maadui mmoja mmoja, kijana alimpa kauli za wasimamizi wa maduara tuliowafahamu, na banda zima likajua anamsema nani.

Usiku wa *Titanic* ndio uliofanya nione sinema kuwa jambo la kulindwa. Filamu ilitoka Marekani mwishoni mwa 1997 na ikatufikia baadaye, katika mikanda miwili iliyochoka. Huko kwingine nasikia watu waliililia kwa ajili ya mapenzi ya Jack na Rose. Huku kwetu mapenzi yalipita tu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba, ikitoka Bukoba kupitia Kemondo, ilikuwa imepinduka karibu kabisa na Mwanza. Inahesabiwa kwamba waliokufa walizidi 800. Kila mtu wa Kanda ya Ziwa alijua habari iliyouma kuliko zote: meli ilipolala kifudifudi, waliokuwa ndani waligonga chuma ili wasikike, waokoaji wakatoboa, hewa ikatoka, na meli ikaenda chini na waliomo. Wengi walizikwa Igoma. Machimbo yalijaa watu wa Kagera waliokuja kwa meli hiyohiyo safari zilizotangulia.

Kijana wa Muleba aliianza filamu kama kawaida. Lakini meli ilipogonga barafu, majina yakaanza kubadilika. Bandari waliyotoka ikawa Kemondo. Abiria wa daraja la chini, waliofungiwa mageti, wakawa wanaitana kwa Kihaya. Alitaja ndizi zilizopakiwa, akataja watu kukimbilia upande mmoja. Hakuna aliyemsahihisha. Sehemu ya nyuma ya meli iliposimama wima kutoka majini, watu wakining'inia, mchimbaji mmoja aliinuka kwenye benchi akapiga kelele, "Msitoboe! Jamani, msitoboe!" Wengine wakadakia. Banda lote la wanaume wenye vumbi la mwamba usoni likawa linawasihi watu waliokuwa ndani ya kioo. Kisha Jack akafa katika maji ya baridi, sheria ya steringi ikavunjika mbele yetu, na hakuna aliyedai kurudishiwa kiingilio.

Tangu hapo nimesoma na kusikia mengi juu ya filamu inavyomgusa mtazamaji kwa ustadi wa mwongozaji. Sibishi. Ila nilichokiona Nyarugusu ni watu walioleta maiti zao wenyewe ndani ya filamu, na kijana mmoja aliyewafungulia mlango wazipitishe.

Filamu za Kinaijeria zilipoingia, mlango huo ulipitisha mengine. *Issakaba*, ya Lancelot Oduwa Imasuen, yenye Sam Dede kama kiongozi wa vijana wa mapanga na dawa wanaosaka majambazi na wachawi, ilipendwa huku kupita kiasi. Sababu iko wazi kwa yeyote wa Shinyanga. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya Vita vya Kagera, wizi wa ng'ombe wa kutumia bunduki ulipozidi, Wasukuma na Wanyamwezi wa Kahama na Shinyanga waliunda Sungusungu: pinde, mishale, filimbi, na mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa kijiji kizima kinatoka. Sungusungu walirudisha ng'ombe. Walifuata pia wale waliosemwa kuwa wachawi, na hao mara nyingi walikuwa vikongwe wenye macho mekundu kwa moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe, katika nchi iliyokatwa miti. Vijana bandani walishangilia *Issakaba* kwa miluzi. Bibi yangu aliiona mara moja nyumbani, nikiwa nimeiweka mwenyewe, akaomba nizime. "Mjukuu wangu, hao nawafahamu," alisema, akaenda kulala mapema. Sijaiweka tena mbele ya mtu mzima wa umri wake.

Kwa muda wote huo wanawake wa machimboni walikaa mlangoni mwa banda, wakiuza. Aliyewaingiza ndani, au tuseme aliyeihamisha sinema ikawafuata saluni na vyumbani, ni mwigizaji Steven Kanumba. Alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, akasoma Shule ya Msingi Bugoyi, kisha Sekondari ya Mwadui, kabla ya kwenda Dar es Salaam na kujiunga na kundi la maigizo la Kaole. Ikaja *Dar 2 Lagos*, ikaja *Oprah*, ikaja *Uncle JJ* aliyoigiza pamoja na watoto. Sinema zake zilikuwa za majumba makubwa ya Dar na masuti, na mpaka leo nasikitika kwamba Bongo Movie haikuwahi kushuka duarani kwa dhati. Hata hivyo alilia kwa Kiswahili, bila wa kumtafsiri, na wanawake wa Kahama walisema "mtoto wetu" kila alipotokea. Nilikuwa nimeanza kuuza DVD wakati huo. Mke wa mchimbaji angenunua Kanumba kwanza, kisha mafuta ya kula.

Alfajiri ya tarehe 7 Aprili 2012, Jumamosi Kuu, akafa, ana miaka 28. Maelfu walimuaga katika viwanja vya Leaders, akazikwa Kinondoni. Dukani kwangu mzee mmoja wa karasha alikataa katakata. Alisema ni tangazo la filamu mpya, kwamba steringi hafi, tusubiri Pasaka ipite. Alirudi Jumatano akanunua kila filamu ya Kanumba niliyokuwa nayo, na hakusema neno.

Siku hizi vijana wa mgodini Kakola huja baada ya shifti wakitaka tamthilia za Kikorea na Kituruki zilizotafsiriwa, wanaziangalia peke yao kwenye simu, na mabanda yamebaki ya mpira. Mimi nimeanza kuhamishia kwenye kompyuta mikanda ya mjomba iliyobaki, ile yenye sauti ya Lufufu kwanza, kwani ukungu umeshaingia. *Titanic* ya Nyarugusu haimo, maana haikurekodiwa, na kijana wa Muleba alikwenda Kongo kutafuta dhahabu bila kurudi. Kwa hiyo nawauliza waliokuwapo. Kila mmoja ana mwisho wake. Mmoja, mchimbaji wa zamani anayeuza mkaa Msalala, ameniapia kwamba usiku ule Jack aliokolewa na wavuvi wa Ukerewe wenye mtumbwi, na amenitajia hata kisiwa walikompeleka. Nimeyaandika maelezo yake pamoja na ya wengine.