Karatasi Inayokwenda na Chombo

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: chombo, jaribio, maelezo.

Somo la leo ni la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ukinunua mfuko wa mbolea, hukuta umeandikwa kiasi cha kutia shambani. Aliyeitengeneza mbolea hayupo nawe. Yapo maandishi yake tu. Mambo ya kompyuta nayo ni vivyo hivyo, na watu waligundua mapema sana kwamba kuyaandika maandishi hayo si kazi ndogo.

Tuanze Cambridge, katika nchi ya Uingereza. Tarehe 6 Mei, 1949, kompyuta iliyoitwa EDSAC ilipiga hesabu zake za kwanza na kuchapa majibu. Ilijaza chumba kizima, na ndani yake mlikuwa na taa za kioo, kama zile za redio za zamani, zipatazo 3,000. Mkuu wa kazi ile alikuwa Bwana Maurice Wilkes. Amri zinazoiongoza kompyuta huitwa programu. Siku zile zilitobolewa kama matundu katika utepe wa karatasi, na tundu moja likikosewa, hesabu yote iliweza kuharibika.

Basi Wilkes alitunga programu ya amri 126. Utepe wake ulihifadhiwa, na mtu aliyeuchunguza miaka mingi baadaye alikuta makosa yapata 20. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1985, Wilkes alisimulia kwamba siku moja, akiwa ngazini, alitambua kuwa sehemu kubwa ya maisha yake yaliyobaki itakwisha katika kutafuta makosa yake mwenyewe. Na huyo ndiye aliyekuwa mkubwa wao! Sisi tukikosea herufi moja ubaoni, tuone haya ya nini?

Dawa waliyoipata ilikuwa ni maktaba. Programu ndogo ndogo zilizokwisha kujaribiwa ziliwekwa akiba, ili mtu asitunge upya kilichokwisha kutungwa. Kufika mwaka 1951 zilikuwa 87. Kila moja ilipewa herufi na namba, na herufi C ilikuwa ya zile za kukagua programu nyingine. Bwana Stanley Gill alieleza mwaka huo jinsi zilivyofanya kazi: kompyuta ilichapa herufi ya kila amri ilipokuwa ikiitekeleza, hata mwenye programu akaona mahali ilipopotoka njia. Kila programu ndogo ilikuwa na karatasi yake ya maelezo: inafanya nini, inachukua nafasi kiasi gani, inatumia muda gani.

Mwenzao, David Wheeler, alisema neno la maana katika mkutano wa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1952. Alieleza kwamba ukiisha kutunga programu na kuijaribu, bado imebaki kazi ya kuieleza, ili asiyejua yaliyomo ndani aweze kuitumia bila taabu. Na huenda kazi hiyo ndiyo ngumu kuliko zote. Mimi namwamini. Lakini pale Cambridge asiyeielewa karatasi aliweza kutembea mpaka chumba cha pili akamwuliza mwandishi.

Palipokosekana maelezo, watu waliumia. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, iitwayo Therac-25, iliwapa wagonjwa sita wa Marekani na Kanada mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Mwaka 1986, huko Texas, mashine iliandika kwamba kuna hitilafu namba 54. Kitabu cha mwendeshaji hakikueleza maana ya namba hiyo. Naye alikuwa amezoea kuona hitilafu nyingi zisizo na madhara, basi akabonyeza kitufe cha kuendelea.

Sasa tuje zama zetu. Siku hizi kuna mawakala wa akili mnemba, yaani kompyuta zilizofundishwa kwa maandishi mengi mno, ambazo hutunga programu na kuzijaribu zenyewe. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitoa utaratibu uitwao Model Context Protocol. Humo kila chombo huja na jina lake na maelezo kwa maneno ya kawaida, na wakala husoma maelezo hayo ndipo achague. Wakala hachoki kusoma. Ila mara nyingi hana jirani wa kumwuliza: akikuta pengo hukisia, tena hukisia kwa kujiamini.

Kwa hiyo haitoshi kumwandikia, "Jaribu programu kabla ya kumaliza." Ajaribu kwa amri gani? Achukue dakika ngapi kabla ya kusema imekwama? Kwenye kompyuta nyingi, jaribio likifaulu chombo hurudisha namba 0, na likishindwa hurudisha namba nyingine. Ni ajabu, maana shuleni sifuri tunaijua kwa sura nyingine! Asiyeambiwa atajuaje? Tena lazima aandikiwe wazi kwamba haruhusiwi kulibadili jaribio lenyewe. Imekwisha kuonekana kwamba wakala anayetakiwa tu jaribio lifaulu huweza kulilegeza, au kuandika jibu linalolipendeza, na kosa likabaki pale pale.

Mwalimu, wagawe wanafunzi wawili wawili. Mmoja aandike sentensi tatu za kumweleza mgeni namna ya kujua kama tochi mbovu imeharibika taa au imekwisha betri. Wa pili afanye yaliyoandikwa tu, asitie akili yake. Anayeandika asiseme neno. Tochi iko mezani, anzeni.