Mcheza Kwao Hutuzwa: Wanakandanda wa Zamani wa Jinja na Mbale

Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutuzwa. Walikusudia ngoma, si kandanda. Lakini neno lao lawaelekea vilevile vijana waliotoka jasho katika viwanja vya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, vizazi viwili vitatu vilivyopita. Hao walicheza kwao, mbele ya jamaa zao na wafanyakazi wenzao. Je, walituzwa? Swali hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya, kwa kuwa sisi walimu wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika jibu lake.

Na tuanze na Jinja. Mji huu, uliopo pale Mto Nile unapoliaga Ziwa Viktoria, ulishamiri kama mji wa viwanda baada ya bwawa la Owen Falls, ambalo siku hizi huitwa Nalubaale, kufunguliwa mwezi wa Aprili mwaka 1954. Umeme ulileta viwanda, viwanda vikaleta watu, na watu wakaja na mpira wao. Kiwanda cha nguo cha Nyanza, ambacho kila mtu alikijua kwa jina la Nytil, kilikuwa na timu yake. Kiwanda cha bia cha Nile nacho kilikuwa na yake. Mchezaji wa timu za namna hiyo hakuwa mtu wa mpira peke yake. Alikuwa na kazi na zamu kama wenziwe. Asubuhi alisimama mbele ya mtambo, na jioni akasimama langoni. Waliompigia makofi siku ya mchezo ndio waliofanya kazi ubavuni pake siku ya pili yake. Akikosa penalti Jumamosi, Jumatatu hakuwa na pa kujificha.

Ukiketi barazani na wazee waliowashuhudia wachezaji hao, utaona jambo moja la ajabu. Hawaanzi na matokeo ya mchezo. Huanza na mtu. Watakueleza jinsi winga fulani alivyokuwa akiusimamisha mpira ghafla ukingoni mwa uwanja hata beki akapita mbele peke yake, au jinsi mlinda mlango fulani alivyoudaka kwa mkono mmoja kana kwamba achuma embe. Watabishana kama alikuwa wa mguu wa kushoto au wa kulia. Lakini ukiwauliza jina lake kamili, mara nyingi hupati ila jina la utani. Jina alilopewa na wazazi wake limekwisha kupotea.

Yafaa pia tukumbuke lugha iliyowaunganisha. Katika viwanda vya Jinja walikutana Wasoga, Wagisu, Wateso, Wajaluo, Waluhya na wengineo. Kila mmoja alikuwa na lugha ya kwao, lakini uwanjani hapana nafasi ya mkalimani. Kiswahili kilifanya kazi hiyo. Refa, kipa, beki, winga na kona ni maneno ya kigeni yaliyovishwa nguo za Kiswahili. Bali neno ‘kuotea’ ni letu kabisa, kwani mchezaji aliyejibanza nyuma ya walinzi afananaye naye ni mwindaji anayevizia mnyama. Mwalimu anayetaka kuwaeleza wanafunzi namna lugha inavyokua hahitaji kwenda mbali. Mfano upo kiwanjani.

Neema hiyo haikudumu. Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliwafukuza maelfu ya wafanyakazi waliotoka Kenya. Mwaka 1972 Idi Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke nchini, na viwanda vingi vikaachwa mikononi mwa watu wasio na ujuzi wa kuviendesha. Vipuri vikaadimika, na uzalishaji ukashuka mwaka hadi mwaka. Timu ambayo uti wake wa mgongo ni kiwanda haiwezi kusimama wima kiwanda kinapoinama. Timu ilipofifia, kumbukumbu za wachezaji wake zilikosa mlinzi.

Mbale, mji ulioko chini ya Mlima Elgon, una kisa cha namna nyingine. Huu ni mji wa kahawa na biashara, na mwanzilishi wake, mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa Semei Kakungulu. Kombe la Uganda, lililoanza kushindaniwa mwaka 1971, nalo limezoeleka kwa jina la Kombe la Kakungulu. Msomaji asichanganye mambo: kombe hilo lilipewa jina la Mwanamfalme Badru Kakungulu wa Buganda, si la mwanzilishi wa Mbale. Hata hivyo, watu wa Mbale wana haki ya kutabasamu kila kombe lenye jina hilo lipandapo kwenda kwao. Lilipanda mwaka 1976, na likapanda tena mwaka 1999, safari hiyo mikononi mwa Mbale Heroes. Katika miaka ambayo vikombe vingi vilikuwa vikibaki Kampala, hilo halikuwa jambo dogo.

Sasa tutazame upande wa pili wa mpaka. Magharibi mwa Kenya alitoka Joe Kadenge, mshambuliaji aliyevuma katika miaka ya 1960 na kufariki mwaka 2019. Wako vijana wengi wasiowahi kumwona akigusa mpira, lakini jina lake wanalo midomoni. Kwa nini? Kwa sababu watangazaji wa redio walimfunga katika maneno machache ya Kiswahili: ‘Kadenge na mpira’. Maneno hayo matatu yamemtunza kuliko kikombe chochote. Uganda nayo ilikuwa na Phillip Omondi, aliyefunga magoli matatu katika mashindano ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1978, Uganda ilipofika fainali na kushindwa na Ghana 2–0 mjini Accra. Omondi alifariki mwaka 1999, na uwanja wa Lugogo mjini Kampala unaitwa kwa jina lake. Mmoja ametunzwa na ulimi, mwingine na uwanja. Wale wa Nytil na wa Gangama, timu ya kale ya Mbale, wengi wao hawakupata hili wala lile.

Hatusemi kuwa mashariki imekauka. Geofrey Massa, mzaliwa wa Jinja, alikuwa nahodha wa timu ya taifa ilipofuzu kwenda Gabon mwaka 2017, baada ya miaka 39 ya kusubiri. Na mchezo wa kwanza huko ulikuwa dhidi ya Ghana ileile, iliyoshinda tena, safari hii 1–0. Mwaka 2022 timu ya BUL ya Jinja ilitwaa Kombe la Uganda kwa kuifunga Vipers 3–1. Vijana hao picha zao zipo na majina yao yameandikwa. Tunaohofia kuwapoteza ni wale waliowatangulia.

Mwezi wa Julai mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliamua Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Wengi wetu twajiuliza tuwape wanafunzi insha gani. Tunapendekeza hii: kila mwanafunzi wa Jinja au wa Mbale amtafute mzee mmoja aliyecheza, au aliyewatazama waliocheza, kisha aandike kwa Kiswahili jina kamili la mchezaji mmoja, kazi aliyoifanya, nafasi aliyoicheza, na bao moja ambalo mzee huyo hajalisahau. Ukurasa mmoja watosha. Kurasa thelathini za darasa moja zitakuwa kitabu ambacho hakijapata kuwapo.

Wahenga haohao walisema pia: mla kala leo, mla jana kala nini? Ni methali kali, nayo huwaelemea wachezaji kuliko watu wengi. Lakini kazi ya mwalimu wa lugha ni kuwakumbusha watu kuwa jana nako kuliliwa, na nani aliandaa. Wazee wetu walicheza kwao. Kuwatuza kumebaki kwetu, na wanaoweza kutuambia majina yao wanapungua kila mwaka.