Mlevi Asiyejua Limsumbualo

Kwa karne nyingi mlevi alihukumiwa kwa neno moja tu: tamaa. Watu walidhani hunywa kwa kuwa aipenda pombe, na kwamba akitaka ataiacha. Katika karne ya 20 baadhi ya matabibu wa maradhi ya nafsi walianza kuuliza swali jingine: je, huenda mtu akanywa ili kulituliza jambo asilolijua jina?

Mmoja wao alikuwa Henry Krystal, mzaliwa wa Poland aliyeokoka katika kambi za mateso za Wajerumani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha akawa tabibu mjini Detroit, Marekani. Aliwatibu waliookoka kama yeye, na pia watu waliotekwa na pombe na madawa ya kulevya. Kwa wengi wao alikuta hali moja. Walipoulizwa habari za moyo, walijibu habari za mwili: kichwa chauma, tumbo limekaza, usingizi hauji. Hofu au huzuni hawakuweza kuitaja.

Mnamo 1973 Peter Sifneos, tabibu mzaliwa wa Ugiriki aliyekuwa akifundisha Boston, aliiita hali hiyo aleksithimia, yaani kukosa maneno ya hisia. Lugha yetu, msomaji, haina upungufu huo: tuna huzuni, majonzi, simanzi na jitimai. Walakini utajiri huo wamfaa nini mtu asiyeweza kuyapambanua yaliyomo kifuani mwake? Ajuaye kwamba ana huzuni aweza kumwendea rafiki. Asiyejua huona uzito tu, na kileo humwondolea uzito huo kwa saa chache. Kesho yake uzito umerudi, naye bado hajui ulikuwa nini.

Huko Toronto, Kanada, Graeme Taylor na wenzake walitunga kipimo cha hali hii. Kile cha mwaka 1994 kina kauli 20. Miongoni mwa watu wa kawaida huonekana kwa mmoja hivi katika kila kumi. Miongoni mwa walevi walio katika matibabu, mara nyingi ni karibu nusu yao au zaidi.

Lipi lilitangulia? Mabishano hayajesha, maana pombe nyingi nayo hudhoofisha ubongo. Wako walevi ambao hali hupungua wakiisha kuacha kunywa, na wako ambao haibadiliki. Kwa wagonjwa wa namna hii Krystal alishauri wafundishwe kwanza kuzitambua na kuzitaja hisia zao, kabla ya kuanza matibabu ya kawaida ya mazungumzo.