Kabichi ya Uzalendo na Kidonge cha Vitamini C

Nimekuwa na mafua wiki nzima, na mafua ndiyo yaliyoniletea mada ya leo. Mwenzangu mmoja pale chumba cha habari alinitupia kichupa cha vidonge vya vitamini C, vile vya rangi ya chungwa vya kutafuna, akasema, "Tafuna viwili, kesho utakuwa mzima." Nikatafuna. Kesho yake nikaamka na mafua yale yale. Kwa kuwa uandishi nao ni ugonjwa, nikakigeuza kichupa kusoma maandishi madogo. Kimetengenezwa China.

Hilo halikunishangaza. Nani siku hizi ana kitu nyumbani ambacho hakikutoka China? Lakini likanijia swali ambalo limenikosesha usingizi siku tatu: Wachina wenyewe vitamini C yao wanaipata wapi? Wanatafuna vidonge kama mimi, au wana namna yao?

Kwanza tuwekane sawa. Mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea vitamini C. Lazima tuile, na tukiikosa miezi kadhaa tunapata kiseyeye, ufizi unavuja damu na vidonda havifungi. Wachina wanashauri mtu mzima apate miligramu 100 kwa siku. Wamarekani wanasema 90 kwa mwanaume na 75 kwa mwanamke, na Shirika la Afya Duniani linaridhika na 45. Kwa hiyo Mchina kajiwekea kipimo cha juu.

Mtu atasema jibu ni machungwa. China ni moja ya nchi ambako jamii ya michungwa ilianza kulimwa zamani sana, na mwaka 1178 ofisa mmoja aitwaye Han Yanzhi aliandika kitabu kizima kuhusu matunda hayo ya eneo la Wenzhou, akaeleza aina 27. Hebu fikiria, aina 27, karne ya 12! Lakini chungwa lilikuwa tunda la kusini, na kwa karne nyingi mkulima wa kaskazini hakulitegemea. Hata karibuni hali ilikuwa hivyo. Utafiti wa taifa wa lishe wa mwaka 1982 ulikuta Mchina wa kawaida anakula gramu 37 hivi za matunda kwa siku. Hizo ni pande mbili tatu za chungwa, basi. Mboga za majani na nyinginezo, hata hivyo, zilikuwa gramu 316. Ndiyo namna yao hiyo. Vitamini C ya Mchina ilitoka kwenye karai la mboga.

Na ukienda Beijing, mboga yenyewe ilikuwa kabichi. Siyo ile "chainizi" tunayonunua kwa fungu sokoni, hiyo ni ndugu yake. Nasema ile ndefu, nyeupe, nzito, ambayo Wachina wanaiita baicai. Majira ya baridi ya kaskazini hayaoti kitu, kwa hiyo kila mwaka mwezi wa Novemba malori yalikuwa yanamwaga milima ya kabichi kwenye kona za mitaa. Familia ilinunua kilo mia na zaidi kwa bei iliyopunguzwa na serikali, ikazipanga uani, ngazini, barazani, ikazifunika na mablanketi ya zamani zisigande. Ndiyo mboga hiyo hadi machipuko. Kabichi hiyo ikiwa mbichi ina kama miligramu 30 za vitamini C kwa kila gramu 100, na ingawa kukaa na kupikwa kunapunguza, mtu anayekula gramu 300 kila siku hafi kwa kiseyeye.

Mwaka 1989 mavuno yalizidi mno, kabichi zikawa zinaoza. Serikali ikawaambia wananchi wa Beijing wanunue zaidi kwa ajili ya nchi yao, na watu wakaipa jina "kabichi ya uzalendo". Sijui kama wenyewe walicheka. Mimi nimecheka.

Wakati huo mambo yalikuwa yameshaanza kubadilika. Mwaka 1988 Wizara ya Kilimo ilianzisha mpango ulioitwa "kapu la mboga", ambao uliwafanya mameya wawajibike kwa chakula cha miji yao. Mabanda ya nailoni yakaenea mashambani, nyanya na matango yakapatikana Januari, na milima ya kabichi ikaanza kupungua mitaani. Wachina wakatajirika. Ungetegemea basi vitamini C ipande, sivyo?

Ilishuka. Mwaka 1992 Mchina alikuwa anapata kama miligramu 100 kwa siku kutoka kwenye chakula. Mwaka 2002 ikawa 88. Utafiti uliomalizika mwaka 2012 ukakuta 80. Nilipoziona tarakimu hizi nilidhani nimesoma vibaya, nikarudia. Sababu ya haraka ni nyama, ambayo iliongezeka zaidi ya mara mbili kati ya 1982 na 2002, na mboga zikapungua hadi gramu 276. Lakini gramu 40 za mboga peke yake hazinitoshi kama maelezo. Aliyeondoka mezani kimyakimya ni kiazi. Mwaka 1982 Mchina alikula gramu 180 za viazi kwa siku, vitamu na mviringo pamoja. Mwaka 1992 gramu 87. Mwaka 2002 gramu 49. Mwaka 2012 gramu 36!

Hapa ndipo historia inaponiuma kidogo. Kiazi kitamu kilifika Fujian kutoka Luzon, Ufilipino, mwishoni mwa karne ya 16, kikiwa kimetoka Amerika, na kwa miaka 400 kilimlisha maskini aliyekosa mchele. Ndicho kilichookoa wengi mwaka wa njaa. Watu hawakikumbuki kwa vitamini, wanakikumbuka kwa ufukara, na mzee aliyekulia kwenye kiazi asubuhi na jioni akipata pesa kitu cha kwanza anachofanya ni kukiondoa sahanini. Namwelewa kabisa. Mimi mwenyewe nilipohamia mjini niliapa kuwa kiazi na chai ya rangi basi, nikahamia kwenye chipsi mayai. Tofauti ni kwamba hakuna aliyekuja kunipima.

Nisitie chumvi. Miligramu 80 bado ni karibu mara mbili ya ile 45 ya Shirika la Afya Duniani, na Wachina wa leo wanaishi miaka mingi kuliko babu zao. Hakuna anayeugua kiseyeye kwa sababu ya wastani huo. Tatizo la wastani ni kwamba unawaficha wale walio chini yake, na China ina watu wengi.

Linxian ni mfano. Ni wilaya ya milimani kaskazini mwa Henan, siku hizi inaitwa Linzhou, iliyokuwa na ukame wa kutisha. Wachina wanaijua kwa Mfereji wa Bendera Nyekundu, ambao wanakijiji waliuchonga kwenye majabali kwa nyundo na baruti kuanzia 1960 hadi 1969 ili kuleta maji. Madaktari wanaijua kwa saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula, ambayo viwango vyake pale vilikuwa miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Mboga mbichi zilikuwa adimu, watu wakawa wanakula mahindi na mboga zilizochachushwa kwenye mitungi hadi zinaota ukungu. Damu zao zilikuwa na upungufu wa vitamini kadhaa, C ikiwemo. Wanasayansi wakawa na hoja nzuri: vitamini C inazuia kutengenezwa kwa kemikali ziitwazo nitrosamini, ambazo huleta saratani. Basi tuwape vidonge.

Wakawapa. Kuanzia 1986 hadi 1991 watu wazima 29,584 wa Linxian walimeza vidonge kila siku katika makundi mbalimbali. Kundi la vitamini C lilipata miligramu 120 pamoja na madini ya molibdeni. Matokeo yalitoka mwaka 1993. Waliopata betakarotini, vitamini E na seleniamu walikufa kwa asilimia 9 pungufu. Kwa vitamini C hakukuonekana tofauti ya maana, si katika vifo wala katika saratani ile. Miaka mitano ya kumeza! Mimi naamini (na huu ni mtazamo wangu, madaktari mnisamehe) kwamba kabichi ina mambo mengi ndani yake ambayo hayakuingia kwenye kile kidonge.

Wakati huo huo, nchi hiyo hiyo ilikuwa inageuka kiwanda cha vidonge cha dunia. Tangu miaka ya 1930 vitamini C ilitengenezwa kwa njia ya Tadeus Reichstein, iliyoanza kutumiwa na kampuni ya Roche ya Uswisi. Miaka ya 1970 watafiti wa Beijing wakakamilisha njia nyingine, bakteria wakifanya kazi kubwa ya kuchachusha sukari ya mahindi mara mbili. Ikawa rahisi na nafuu. Wazungu walikuwa wanapanga bei kwa siri, na mwaka 1999 Roche ilitozwa faini ya dola milioni 500 huko Marekani kwa mchezo huo katika biashara ya vitamini, lakini upande wa vitamini C mchezo ulikuwa umeshavunjwa na mzigo wa bei poa wa Wachina. Nao Wachina, walipolishika soko, wakashtakiwa mwaka 2005 kwa kosa lile lile. Wakashindwa mwaka 2013, wakashinda rufaa 2016, Mahakama Kuu ya Marekani ikairudisha kesi 2018, wakashinda tena 2021. Utetezi wao? Serikali yetu ndiyo iliyotuamuru tupange bei. Serikali ile ile ya kabichi ya uzalendo.

Mafua yangu yamepungua leo, siku ya saba, kama mafua yote. Kichupa nimemrudishia mwenyewe. Jioni nitapita sokoni, nione fungu la chainizi limefika bei gani.